Muulize Mama Maabara: Sumu Ikishaingia Mwilini Inaenda Kukaa Wapi?

Mwezi huu barua za madini na sumu zimekuja nyingi mno, sijui ni redio gani ilirusha kipindi gani, maana kuanzia Kigoma mpaka Nzega watu wanauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: hivi hizi metali za risasi na zebaki zikishaingia mwilini zinatoka au ndo zimefika? Niseme mapema ili tusisumbuane, jibu moja hamna. Kila metali ina kiungo chake inachokipenda na ina muda wake wa kukaa, kuna inayotoka ndani ya miezi michache na kuna ambayo utazikwa nayo. Ukilijua hilo hata matangazo ya "kusafisha damu" utayasikiliza kwa sikio jingine. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha.

SWALI: Shikamoo Mama Maabara. Naishi Katonga hapa Kigoma, mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi ziwani, basi anakaa nyumbani anayeyusha betri za gari zilizokufa anatengeneza chubwi, nyingine anafunga kwenye nyavu zake na nyingine anawauzia wenzie. Kazi yote anafanyia uani kwenye jiko letu la mkaa na watoto wanazunguka hapohapo wanaokota vipande wanachezea. Sasa mimi ni mjamzito wa miezi mitano na jirani kanitisha kwamba ule moshi unamfikia mtoto tumboni. Mume anasema kila akimaliza anakunywa maziwa na miaka yote hii hajawahi kulazwa. Nimwamini nani? (Mama wa Katonga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwamini jirani. Mumeo naye hadanganyi akisema hajawahi kulazwa, ila ubaya wa risasi upo hapohapo, haina haraka.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327, jiko la mkaa linafika huko bila kuhangaika, na likizidi kupamba moto unatoka mvuke ambao huuoni vizuri, afu ule utando unaobaki juu akiukwangua unakuwa vumbi laini linalokaa kwenye mikono, kwenye nguo, kwenye mchanga wa uani na kwenye kanga unayombebea mtoto. Ule wa kuvuta unapita mapafuni moja kwa moja. Ule wa kumeza, mtu mzima tumbo lake linachukua kama sehemu moja ya kumi, mtoto mdogo anaweza kuchukua mpaka nusu, na mtoto ndo yule anayeokota kitu chini akatia mdomoni. Kwaiyo nyumba moja, vumbi moja, lakini mwenye mzigo mkubwa kwa kilo yake ni yule mdogo kabisa.

Ikishaingia kwenye damu inajishika kwenye chembe nyekundu. Pale inakaa muda mfupi, nusu yake inaondoka kwa kama mwezi mmoja, nyingine inatoka kwa mkojo na nyingine inahamia ini, figo, ubongo na mwisho mifupa. Mwili unaiona risasi kama kalsiamu, hauitofautishi vizuri, basi unaichukua na kuijengea mfupa na meno. Mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo ipo kwenye mifupa na meno, mtoto kama asilimia 70, na ndo maana kwa mtoto sehemu kubwa zaidi inabaki ikizunguka kwenye viungo laini ukiwemo ubongo unaokua. Kule mfupani nusu yake inachukua miaka 10 mpaka 30 kutoka. Yani mumeo akiacha leo, mwakani kipimo cha damu kinaweza kuonyesha nafuu kubwa na bado mifupa yake imejaa.

Sasa njoo kwako. Mfupa ni kibubu, na mimba ni wakati wa kukivunja. Mtoto anahitaji kalsiamu ya kujenga mifupa yake, asipoipata ya kutosha kwenye chakula chako anaitoa kwenye mifupa yako, na ikitoka kalsiamu inatoka na risasi iliyolala humo, hata ile uliyoivuta ukiwa msichana kwenu kabla hujamjua huyu mume. Kondo la nyuma haliizuii. Inapita, inafika kwenye ubongo wa mtoto. Kwaiyo jirani kasema kweli ila kasema nusu, shida si moshi wa leo tu.

Maziwa? Maziwa hayaoshi kitu. Mtu mwenye upungufu wa kalsiamu na wa madini chuma tumbo lake linanyonya risasi zaidi, kwaiyo kula vizuri kunasaidia kwa ile inayomezwa, lakini iliyopita mapafuni maziwa hayaijui. Mafundi rangi na wachomeleaji nao wana imani hiyohiyo, sijui ilianzia wapi, na inawafanya wajione wamekingwa wakati hawajakingwa. Wewe kula dagaa, wale wazima na mifupa yao, hao ni kalsiamu iliyoletwa mpaka mlangoni kwenu, na vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki usivifiche chini ya godoro (mnafanya hivyo, nawajua).

La kufanya leo, si wiki ijayo: hiyo kazi itoke uani. Akiona lazima aendelee basi mbali na nyumba, jiko lake peke yake ambalo halirudi kupikia, upepo ukiwa mgongoni kwake, nguo za kazi zinabaki kulekule na zinafuliwa peke yake, ananawa kwa sabuni kabla hajagusa mtoto, chakula au sigara. Uani usifagie kukavu, mwagia maji kwanza, na pale palipopasuliwa betri chota udongo wa juu uondoe, weka mwingine, watoto wasichezee hapo. Wewe usishike koleo, mwambie ndugu yake. Kikubwa zaidi ni kwamba chubwi si lazima iwe ya risasi ya betri, kuna wanaofunga mawe, kuna wanaomimina saruji, na zipo za kununua zilizokwisha tengenezwa.

Vipimo: ukienda kliniki mwambie nesi kwa maneno hayahaya kwamba nyumbani wanayeyusha betri, aandike kwenye kadi, muombe akuunganishe na daktari wa hospitali ya mkoa ya Maweni muongee kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu, chako na cha watoto. Si kipimo cha zahanati, itabidi upewe rufaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akifika maikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe, na hapohapo linasema hakuna kiwango ambacho ni salama. Kunyonyesha usije ukaacha kwa woga, kinachofika kwenye maziwa ni kidogo, labda daktari akuambie vingine baada ya kuona majibu.

Mumeo akikubishia msomee hili: mwaka 2010 jimbo la Zamfara huko Nigeria watoto wapatao 400 walikufa kwa risasi. Wazazi wao hawakuwa na kiwanda. Walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani, mawe yenyewe yana risasi, vumbi likabaki uani.

SWALI: Mimi ni mpenzi wa samaki wakubwa, nonzi na sangala, dagaa nawaachia wengine. Rafiki yangu aliyesoma anasema samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika ana zebaki. Nikimtoa ngozi na mafuta nikamkaanga vizuri si inaisha? (Mla Samaki, Mwanga Kigoma)

JIBU: Haiishi kaka. Hiyo ya ngozi na mafuta inafaa kwa sumu zinazokaa kwenye mafuta, zebaki ya samaki haikai huko. Inakaa kwenye nyama yenyewe imejishika na protini, kaanga, chemsha, choma, bado ipo, na ukimkausha ndo kabisa kwa uzito uleule unapata zaidi maana maji yameondoka na yenyewe imebaki.

Rafiki yako kasema kweli lakini tusiogopeshane. Zebaki ikifika kwenye maji, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa methili-zebaki, viumbe vidogo sana vya majini vinaichukua, dagaa anakula hivyo vidogo, mgebuka anakula dagaa, nonzi anakula wote anaowaweza. Kila ngazi inapokea mzigo wa ngazi ya chini na haiwahi kuutoa wote. Dagaa anaishi muda mfupi, hapati nafasi ya kukusanya. Nonzi mzee amekusanya miaka.

Na hapa kwetu walishapima. Sampuli za ziwa letu zilichukuliwa mwaka 2000 na matokeo yakachapishwa 2008, samaki wengi walikuwa chini ya maikrogramu 0.2 kwa gramu ya nyama, hicho ni kiwango cha tahadhari kwa watu wanaokula samaki sana kama sisi. Kuhe alikuwa chini kabisa, wastani kama 0.05, mimi niliposoma hilo nilifurahi kwa sababu zangu. Ila nonzi wawili walipita 0.5 ambayo ni kikomo cha soko la kimataifa, mmoja alikuwa 0.54 na mwingine 0.78. Ni wawili tu, mtu asiende kwenye soko la samaki la Kibirizi akawaharibia biashara wenzie kwa jambo hili, lakini mpangilio wake ndo uleule: mkubwa, mzee, mla samaki wenzie.

Uzuri wa methili-zebaki ni kwamba inatoka, nusu yake inaondoka mwilini kwa kama siku 50. Kwaiyo mtu mzima kula nonzi mara mojamoja haina neno, kula kila siku ndo unajaza kuliko unavyopunguza. Wa kuangaliwa ni mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, kwasababu inavuka kondo na inavuka ule ukuta unaolinda ubongo. Minamata kule Japani, ugonjwa uligundulika rasmi 1956, kiwanda cha kemikali cha Chisso kilikuwa kinamwaga zebaki baharini watu wakala samaki, na kuna akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu au hawana kabisa wakazaa watoto wameharibika vibaya. Mke wako akiwa mjamzito mpe dagaa na mgebuka, nonzi kula wewe.

SWALI: Mwangaluka mama. Nipo machimboni huku Nzega, kazi yangu ni kukamatisha dhahabu kwa zebaki afu nachoma. Zebaki siishiki kwa mkono, navaa mfuko wa rambo, kwaiyo najilinda. Ila siku hizi mkono unatetemeka hata kuandika jina shida, fizi zinauma na hasira zimezidi, washkaji wanasema ni gongo. Mi gongo nakunywa kidogo tu. (Mchimbaji, Nzega)

JIBU: Mwangaluka mwanangu. Umelinda mkono ukaacha pua. Zebaki ile ya maji ukiigusa inayopita kwenye ngozi ni ndogo, na hata ukiimeza karibu yote inatoka chooni, hayo si ruhusa ya kuichezea nakueleza tu hatari ilipo. Hatari ni pale unapochoma. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, ukivuta mapafu yanachukua kama asilimia 80, damu inaupeleka kwenye ubongo kabla haujabadilika, ukishafika ndani ya ubongo unabadilika na kutoka inakuwa shida. Unaobaki unaenda kwenye figo, huko ndo unakusanyika zaidi kuliko kiungo kingine chochote. Kutetemeka, fizi, hasira, kusahau, aibu za ghafla, kukosa usingizi, hiyo ni picha ya zebaki inayojulikana tangu zamani. Gongo pia inatetemesha, sikutetei, lakini gongo haina kawaida ya kuumiza fizi.

Acha kuchoma kuanzia sasa hivi, na nasema kuchoma, hata kukaa jirani na anayechoma. Nenda hospitali omba kipimo cha mkojo, kwa zebaki ya mvuke mkojo ndo unaosema vizuri kwasababu unaonyesha figo zimebeba nini, damu itakuambia ya siku chache zilizopita tu. Ukiacha, nusu ya mzigo inaondoka kwa kama miezi miwili, na kutetemeka mara nyingi kunapungua ingawa waliokaa miaka mingi hawarudi wote kama walivyokuwa. Wanaoendelea na kazi wanunue ritoti, kile kifaa cha kufunika kinachopeleka mvuke kwenye bomba ukapoe urudi kuwa zebaki, hata kwa hesabu ya pesa inalipa maana zebaki hupotezi. Na msichomee chumbani jamani. Nimesikia watu wanachomea chumbani wakiogopa kuibiwa, mke na mtoto wapo kitandani. Mvuke ukipoa unashika ukutani, kwenye neti na kwenye godoro, unaendelea kutoka taratibu siku zote.

SWALI: Natumia mkorogo, nimetakata vizuri tu, ila asubuhi naamka macho yamevimba na mkojo una povu. Inahusiana? (Dada wa Tabora mjini)

JIBU: Inawezekana sana, na usisubiri toleo lijalo, nenda Kitete au hospitali iliyo karibu kesho asubuhi na kopo la huo mkorogo mkononi. Baadhi ya krimu za kujichubua zina chumvi za zebaki, zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake, zinapita kwenye ngozi taratibu kila siku unapopaka na zinaenda kujaa kwenye figo. Figo likiharibika vichujio linaachia protini, ndo hilo povu, na mwili unavimba. Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani hauna hata karatasi ya kusoma. Kama una mtoto unalala naye na yeye anapakwa bila kupakwa, kupitia shuka, taulo na mikono yako, kwaiyo mtaje kwa daktari. Ukiacha figo nyingi zinarudi. Ngozi itarudi nyeusi pia, basi na irudi.

SWALI: Mimi ni mkulima wa tumbaku Urambo tangu ujana, navuta pia, ya kwangu mwenyewe ya kusokota, naamini haina kemikali za kiwandani. Mjukuu wangu anasema tumbaku ina madini. Madini gani hayo? (Babu wa Urambo)

JIBU: Shikamoo babu. Mjukuu ana akili, msomeshe. Mmea wa tumbaku una tabia ya kuvuta kadimiamu kutoka kwenye udongo na kuiweka kwenye majani, kuliko mazao mengi. Haiwekwi na kiwanda, kwaiyo ya kusokota na ya paketi hapo ni ndugu. Ikiliwa kwenye chakula tumbo linachukua kidogo, kama asilimia 5, ikivutwa kwa moshi mapafu yanaweza kuchukua hata nusu. Ndo maana mvutaji kwa wastani ana kadimiamu kama mara mbili ya asiyevuta.

Na hii ndo metali nisiyoipenda kuliko zote za leo. Ini linaifunga kwenye protini ndogo, inasafiri mpaka figo, inakaa. Nusu yake inahitaji miaka 10 mpaka 30 kutoka, maana yake kwa binadamu ni kujaza tu kuanzia utoto, na mtu hana dawa ya kuitoa huko ambayo inaaminika. Ikizidi, figo linaanza kupoteza protini na kalsiamu, mifupa inakuwa laini. Japani mkoa wa Toyama, watu walikula mpunga uliomwagiliwa na mto Jinzu wenye uchafu wa mgodi, wengi walioumia ni akina mama waliozaa sana, mifupa inavunjika kwa kukohoa tu, serikali yao ikautambua ugonjwa huo wa itai-itai kuwa wa uchafuzi mwaka 1968. Wewe hujafika huko. Kulima na kukausha si shida kubwa ya kadimiamu, ingawa mkichuma majani mabichi yakiwa na umande mkapata kizunguzungu na kutapika hiyo ni nikotini inapita kwenye ngozi, jambo jingine kabisa. Kinachokujaza ni kuvuta. Iliyokaa itakaa babu, usiongeze nyingine juu yake.

SWALI: Kuna jamaa kaja mtaani anapima nywele, kaniambia nina metali nzito saba, afu ananiuzia chai ya detoksi na plasta za kubandika unyayoni usiku, asubuhi zinakuwa nyeusi anasema hiyo ndo sumu imetoka. Ni elfu themanini. Nilipe? (Mama Ntilie, Kigoma mjini)

JIBU: Usilipe dada. Chukua plasta moja idondoshee maji ya moto uone kama haitageuka rangi bila mguu wa mtu. Ni unyevu wa jasho tu ule.

Kuhusu nywele, nisiwaonee, nywele zina kazi yake maabara. Zinakua kama sentimita moja kwa mwezi na methili-zebaki ya samaki inajiandika humo vizuri kabisa, sentimita tatu za kwanza kutoka kichwani ni miezi mitatu iliyopita. Aseniki nayo inajishika kwenye nywele na kucha ingawa kwenye damu inatoka ndani ya siku chache. Lakini kwa metali nyingine nyingi nywele zinadanganya, vumbi la barabarani, rangi ya piko, maji ya kuogea, dawa ya kunyoosha, vyote vinabaki juu yake na mashine haiwezi kujua kilichotoka ndani na kilichotoka nje. Mtu akikutajia metali saba bila kukuuliza unafanya kazi gani, unakula nini na unaishi karibu na nini, huyo hajui anatafuta nini.

Afu chai itafika vipi kwenye mfupa? Hata dawa za kweli za hospitali zinazonasa metali zinapewa mtu mwenye kiwango kikubwa kilichothibitishwa, kwasababu zikishaanza kunasa hazichagui sana, zinaondoka na zinki na shaba unazozihitaji. Marekani mwaka 2005 mtoto alikufa baada ya kudungwa aina isiyo sahihi ya dawa hizo kwa sababu isiyo ya lazima, kalsiamu ya damu ikashuka moyo ukasimama. Hapo ni kwa daktari mwenye leseni, sembuse jamaa wa mtaani. Elfu themanini nunua sufuria nzuri la kiwandani, maana yale ya kienyeji yanayomiminwa kutoka vyuma chakavu, Kamerun walipima wakakuta mengine yanaachia risasi kwenye chakula, na wewe unapika kutwa, tena vitu vyenye ndimu na nyanya ambavyo vinazidi kuichokonoa.

SWALI: Mwanangu ana sikoseli, ana miaka tisa, ameshaongezewa damu mara nyingi. Shangazi yake anampa vidonge vya madini chuma na rozela ili damu isishuke. Sawa? (Mzazi, Kaliua)

JIBU: Rozela sawa. Vidonge vya chuma visitishe mpaka daktari wake aseme, na swali lako nalishukuru maana watu wanadhani zinazojaa mwilini ni sumu tu, kumbe hata cha kufaa kinajaa.

Mtu mzima ana gramu 3 mpaka 4 tu za chuma mwili mzima, karibu theluthi mbili ipo kwenye damu yenyewe, iliyobaki imehifadhiwa kwenye ini, wengu na uboho. Mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Kinachopotea ni miligramu 1 au 2 kwa siku kwa ngozi na utumbo unaojichubua, basi. Sasa chupa moja ya damu aliyotoa mtu mzima ina miligramu 200 mpaka 250. Piga hesabu mwenyewe mzazi mwenzangu. Sikoseli damu inashuka kwasababu chembe zinavunjika haraka, mara nyingi si kwasababu chuma kimekosekana, na zikivunjika chuma chake kinabaki humohumo kinatumika tena. Ukimuongezea damu mara kwa mara na vidonge juu, kinaanza kulundikana, kwanza ini, baadaye moyo na tezi zinazomfanya mtoto akue na kubalehe.

Kliniki ijayo uliza kipimo cha feritini, ndo kinachoonyesha akiba ya chuma, na kifanyike akiwa mzima kwasababu homa na maambukizi vinaipandisha bila sababu. Beba kumbukumbu za damu zote alizoongezewa, hata kwenye daftari la shule, idadi hiyo daktari ataitumia. Ikiwa juu zipo dawa za kunasa chuma, za vidonge na za sindano, na hapa zina kazi kwelikweli tofauti na ile chai. Foliki asidi anayopewa mwache aendelee, hiyo haina chuma. Shangazi msimgombeze, alikuwa anapenda.

SWALI: Nikiwa mjamzito natamani sana pemba, ule udongo wa sokoni, nasikia una madini ya kuongeza damu. Na chumvi yetu ya Uvinza inatosha madini joto? (Kasulu)

JIBU: Udongo una chuma kweli lakini tumbo linakipata kidogo, tena udongo wenyewe unazuia chuma cha chakula kisiingie. Na hauchagui. Watafiti walipima udongo unaoliwa na wajawazito maeneo ya wachimbaji Geita, matokeo yakatoka 2014, pamoja na chuma na zinki wakakuta na aseniki. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, pima wingi wa damu upewe vidonge.

Chumvi ya Uvinza ni nzuri ila ile ghafi usiitegemee kwa madini joto, inatakiwa iwe imewekewa, na sheria inataka hivyo kwa chumvi ya kula, angalia paketi. Madini joto mwilini hayajai sana, mtu mzima ana miligramu 15 mpaka 20 na robo tatu zipo kwenye ile tezi ya shingoni, kwaiyo lazima uongeze kila siku, na mjamzito anahitaji maikrogramu 250 wakati wengine wanatosheka na 150. Chumvi weka kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itie mboga ikikaribia kuiva, maana madini joto yanaruka hewani.